Meli Inapohama: Jinsi ya Kupata Safari Nafuu ya Kuvuka Bahari Kuu

Meli nyingi za watalii hufanya kazi kwa misimu miwili. Tangu Novemba hadi Aprili huzunguka visiwa vya Karibi, zikitoka Miami, Fort Lauderdale au Port Canaveral katika jimbo la Florida na kurudi palepale baada ya wiki moja hivi. Joto linapozidi huko na msimu wa vimbunga kukaribia, sehemu kubwa ya meli hizo huhamia Mediterania na kaskazini mwa Ulaya, ambako kiangazi ndiyo kwanza kinaanza. Oktoba ikifika, hurudi zilikotoka. Katikati ipo Bahari ya Atlantiki, na hakuna njia ya kuikwepa.

Kampuni ingeweza kuivusha meli ikiwa tupu, lakini mafuta yatachomwa vilevile, na nahodha na mabaharia wake watalipwa vilevile. Kwa hiyo huuza vyumba kwa safari hiyo ya upande mmoja, ambayo humpakia abiria bara hili na kumshusha bara lile. Hiyo ndiyo safari ya uhamisho. Kwa hesabu ya bei ya usiku mmoja, ni miongoni mwa safari za bei ya chini kabisa zinazouzwa na kampuni kubwa za meli, na mara nyingi chumba kile kile hugharimu zaidi wiki chache baadaye, meli ikishaanza mizunguko yake ya kawaida.

Unafuu huo unafanana na wa lori lililopeleka kontena Kampala. Dereva atarudi Mombasa hata asipopata mzigo, basi mzigo wowote atakaookota njiani ni faida. Ila kuna sababu nyingine upande wa abiria wenyewe. Safari ya uhamisho huchukua siku 12 hadi 16, na mwajiriwa mwenye likizo fupi au mzazi mwenye watoto shuleni hawezi kuzipata siku hizo Aprili au Novemba. Bandari za kushukia ni chache, na wapo watu wengi wasioiona raha ya kukaa wiki nzima bila kuona nchi kavu. Tena abiria akishafika analazimika kutafuta ndege ya kumrudisha. Hayo yote hupunguza wateja, na wateja wakipungua bei hushuka. Wanaobaki ni hasa wastaafu, watu wanaofanya kazi zao kwa kompyuta popote walipo, na wachache wanaoipenda bahari kwa ajili ya bahari yenyewe. Kampuni haioni hasara kubwa kuwauzia chumba kwa bei ya chini, kwa sababu mtu aliye ndani ya meli siku 14 atanunua vinywaji, ataingia kasino, atakandwa misuli na kulipia intaneti. Sehemu nzuri ya mapato ya meli hizi hutoka huko.

Njia inayotumika zaidi ni ya kusini mwa Atlantiki ya Kaskazini. Wakati wa vuli meli huondoka Barcelona, au Civitavecchia ambayo ni bandari ya Roma, au Lisbon. Hugusa bandari moja au mbili za Uhispania, kisha Funchal katika kisiwa cha Madeira au Tenerife katika Visiwa vya Kanari, halafu huelekeza omo magharibi kwa siku sita hadi nane mfululizo hadi Florida. Nyingine hupitia Ponta Delgada katika visiwa vya Azores au husimama Bermuda. Kila meli inapozidi kusogea magharibi saa hurudishwa nyuma, na kwa kuwa Barcelona na Miami hupishana kwa saa sita kwa kawaida, abiria hupata usiku sita hivi wenye saa moja ya ziada ya kulala. Anayesafiri majira ya kuchipua, kutoka Florida kwenda Ulaya, hunyang'anywa saa hizo moja moja, na kampuni nyingine huzisogeza saa mchana ili usingizi usiguswe. Ni jambo dogo kwenye karatasi. Kwa mwili wa mtu mzima, tofauti kati ya kuongezewa saa sita na kupunguziwa saa sita inahisika, na ndiyo sababu wazoefu wengi hupendelea kuvuka kwenda magharibi.

Kuna pia njia ya kaskazini, kutoka Southampton au bandari nyingine za huko kupitia Iceland, Greenland na mashariki ya Kanada hadi New York au Boston. Hii hufanyika Agosti na Septemba, kabla baridi haijakaza. Bandari zake ni nyingi na mandhari yake hayana mfano, lakini kwa sababu hizo hizo bei yake haifanani na ile ya kusini, na anayetafuta unafuu hapaswi kuzichanganya. Wala isichanganywe na safari za Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard. Meli hiyo, iliyoanza kazi mwaka 2004, haihami. Kuvuka kati ya Southampton na New York ndiyo kazi yake ya kila siku, kwa kawaida kwa usiku saba, na ina hata vibanda vya mbwa na paka wanaosafiri na wenyewe. Wakati mwingine bei yake huwa nzuri, lakini si kwa sababu ya uhamisho.

Nje ya Atlantiki, uwanja mkubwa wa pili ni Pasifiki. Msimu wa Alaska huisha kati ya Septemba na Oktoba, na meli zilizokuwa Vancouver na Seattle hutawanyika. Baadhi huenda Hawaii, na nyingine huendelea kupitia visiwa vya Polinesia hadi Sydney, ambako kiangazi cha kusini kinaanza. Nyingine hukata kwenda Japani. Aprili safari hizo hugeuzwa. Atakayevuka mstari wa tarehe akielekea Sydney atapoteza siku moja nzima kwenye kalenda, na atakayetoka Yokohama kwenda Vancouver ataiishi siku ile ile mara mbili. Mwenye kununua tiketi ya ndege aangalie tarehe ya kufika kwa makini, kwa maana kosa la siku moja hapa ni rahisi kufanyika.

Meli nyingine za Alaska hurudi Karibi kupitia Mfereji wa Panama, na kwa mtazamo wa wengi hii ndiyo safari ya uhamisho yenye mambo mengi ya kutazama. Mfereji ulifunguliwa Agosti 1914 na una urefu wa kilomita 80 hivi. Meli hupandishwa kwa malango ya maji hadi mita 26 juu ya usawa wa bahari, huvuka ziwa Gatun, kisha huteremshwa upande wa pili; kazi nzima huchukua saa 8 hadi 10, na abiria wengi huzimaliza wakiwa wamesimama sitahani. Katika safari hizi hujitokeza swali ambalo wasafiri huliuliza mara kwa mara: kwa nini meli inayotoka California kwenda Florida husimama Cartagena nchini Kolombia, au Aruba, hata kama ratiba imebana? Jibu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886. Meli yenye bendera ya kigeni, na karibu meli zote kubwa za watalii zina bendera ya Bahamas, Panama, Malta na kadhalika, hairuhusiwi kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha kwenye bandari nyingine ya Marekani, isipokuwa iwe imegusa bandari ya kigeni iliyo mbali. Kwa sheria hiyo Meksiko na visiwa vingi vya Karibi si mbali. Amerika ya Kusini ni mbali, na Aruba na jirani zake huhesabiwa pamoja nayo. Ndiyo sababu pia safari nyingi za Hawaii huanzia Vancouver, iliyo Kanada, badala ya Seattle iliyo jirani yake. Na ndiyo sababu abiria hawezi kushuka mapema popote anapotaka bila kuuliza: anaweza kuisababishia meli faini, na faini hiyo hupelekwa kwake.

Upande wa Bahari ya Hindi biashara hii ni ndogo, lakini ipo. Kampuni ya MSC huweka meli Durban kati ya Novemba na Aprili, na kampuni kadhaa za Ulaya huweka meli Dubai, Abu Dhabi na Doha wakati wa baridi ya Ulaya, zikizunguka hadi Muscat. Njia yao ya asili kati ya Mediterania na huku ni Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023 yalivuruga mpango huo, na mapema mwaka 2024 MSC ilifuta safari tatu za uhamisho zilizokuwa ziondoke Aprili kutoka Afrika Kusini na Ghuba kwenda Ulaya. Zilizoendelea kuhama zililazimika kulizunguka bara la Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Msomaji aliye Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anayetaka kuanzia safari karibu na nyumbani atazame ratiba za Durban, Cape Town na Dubai, lakini ajue kwamba hizi ndizo safari zinazobadilishwa au kufutwa kwa urahisi kuliko zote.

Kuzitafuta si kazi ngumu mtu akishajua anachotafuta. Tovuti za kampuni za meli na za mawakala wakubwa humruhusu mteja kuchagua mwezi, idadi ya usiku na bandari ya kuondokea. Ukichagua Aprili au Mei, usiku kumi na zaidi, na bandari ya Florida, orodha itakayobaki itakuwa na safari nyingi zinazomalizikia Ulaya. Kwa Oktoba na Novemba anzia Barcelona, Roma, Lisbon au Southampton. Wakala wa Marekani aitwaye Vacations To Go ana ukurasa mzima wa safari hizi tu. Orodha ikipatikana, gawa bei kwa idadi ya usiku kabla ya kulinganisha chochote. Safari ya dola 900 kwa usiku 15 ni nafuu kuliko ya dola 700 kwa usiku 10, ingawa jicho hukimbilia namba ndogo.

Kuhusu wakati wa kununua, kuna shule mbili na zote zina hoja. Ratiba hutangazwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla. Anayelipa arubuni mapema huchagua chumba anachokitaka, na bei ikishuka kabla ya siku ya kulipa salio anaweza kumwomba wakala ampe bei mpya. Siku hiyo ya salio huwa kati ya siku 90 na 120 kabla ya kuondoka. Hapo wasiolipa hujiondoa, kampuni huona vyumba vilivyobaki, na punguzo kubwa huanza. Anayesubiri hadi hapo hupata bei ya chini zaidi, lakini huchukua chumba chochote kilichobaki, na ndege huenda imeshapanda bei. Kwa anayeishi Ulaya au Marekani, kusubiri kunaweza kulipa. Kwa anayetoka Afrika Mashariki na anahitaji viza, kusubiri hadi miezi mitatu ya mwisho ni kamari.

Sasa ifuatayo ndiyo hesabu ambayo matangazo hayaionyeshi. Chukulia safari ya usiku 14 inayotangazwa kwa dola 700 kwa mtu mmoja, wawili wakigawana chumba. Hiyo ni dola 50 kwa usiku, chini ya hoteli ya kawaida katika miji mingi ya Ulaya, na chakula kimo. Ongeza ushuru na tozo za bandari, tuseme 150. Ongeza bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni za Marekani hukata zenyewe kwa dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kila siku; kwa kiwango cha chini ni 224. Ndege ya kurudi upande mmoja, 400. Usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda meli, 75 kwa kila mmoja. Bima, 80. Jumla ni dola 1,629, yaani zaidi kidogo ya 116 kwa usiku, na bado hakuna soda iliyonunuliwa. Safari inaweza kubaki nafuu hata hivyo, hasa kwa mtu ambaye angekata tiketi ya ndege kuvuka bahari kwa vyovyote, mathalani mwanafunzi anayehama au mzee anayekwenda kuwatembelea wanawe Toronto kwa miezi kadhaa. Kwa anayekwenda kwa ajili ya meli tu na kurudi nyumbani kesho yake, mzunguko wa kawaida wa wiki moja unaweza kumgharimu pungufu ya hapo bila usumbufu.

Ndege ndiyo inayoamua mara nyingi. Mashirika ya zamani huuza tiketi ya upande mmoja kuvuka Atlantiki kwa bei iliyo karibu na ya kwenda na kurudi, na wakati mwingine huizidi. Mashirika kama Norse Atlantic, JetBlue na Icelandair huuza kila upande peke yake. Kwa sababu hiyo safari inayoishia mji unaohudumiwa na mashirika ya namna hii huweza kuwa nafuu kuliko nyingine yenye tiketi ndogo ya meli lakini inayoishia pembeni. Msafiri mpweke naye ana hesabu yake. Vyumba huuzwa kwa watu wawili, na akilala peke yake hutozwa mara nyingi kama wawili. Norwegian Cruise Line ilianza kujenga vyumba vidogo vya mtu mmoja katika meli yake ya Norwegian Epic ya mwaka 2010, na kampuni nyingine zikafuata, lakini vyumba hivyo ni vichache na huisha mapema.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au nchi jirani akumbuke kwamba meli haimwondolei viza hata moja. Anayetoka Barcelona kwenda Miami anahitaji viza ya Schengen ya kuingilia Uhispania na viza ya Marekani ya kushukia, na kampuni itamzuia gatini kama moja haipo. Meli ikigusa Moroko katikati, amekwishatoka eneo la Schengen. Akirudi Visiwa vya Kanari anaingia mara ya pili, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Masharti ya viza ya Marekani kwa nchi za Afrika yamekuwa yakibadilika, na busara ni kupata viza kwanza na kulipa salio baadaye. Waswahili wenye uraia wa nchi za Ulaya au Amerika ya Kaskazini hawana mzigo mkubwa hivyo, na ndio wanaonufaika zaidi na safari hizi kwa sasa.

Chumba cha ndani kisicho na dirisha ndicho cha bei ya chini kabisa, na kina giza zuri la kulala, lakini wiki nzima bila kuona mchana huwashinda baadhi ya watu. Anayemudu roshani achague upande. Meli inayokwenda mashariki hupata jua la mchana ubavu wa kulia, unaotazama kusini; inayokwenda magharibi hulipata ubavu wa kushoto. Anayeugua meli inapokwenda mrama achukue chumba cha katikati kwenye sitaha za chini, ambako meli hucheza kidogo. Njia ya kusini kwa kawaida huwa tulivu, ingawa msimu wa vimbunga vya Atlantiki huendelea rasmi hadi Novemba 30, na ndiyo maana nahodha anaweza kukwepa kisiwa kilichokuwa kwenye ratiba. Mkataba wa tiketi humruhusu. Abiria hurudishiwa tozo za bandari iliyorukwa, basi.

Siku za baharini hujazwa na mihadhara, maktaba, masomo ya dansi na chakula kisichokatika. Aliyezoea kushughulika atachoka siku ya nne. Pia ni wakati ambao kampuni hufanya matengenezo madogo, hasa meli ikielekea kwenye chelezo au ikitoka huko, na huenda bwawa moja likakutwa limefungwa. Zahanati ya meli hutibu ya dharura kwa bei kubwa, na katikati ya Atlantiki helikopta haifiki. Dawa za kudumu zibebwe za kutosha na siku za ziada, katika mkoba wa mkononi. Kampuni nyingi hazipakii mtoto wa chini ya miezi 12 kwenye safari za kuvuka bahari, wala mjamzito aliyefika wiki ya 24.

Bandari zikiwa chache, hamu ya kukaa nje hadi dakika ya mwisho huwa kubwa, na hapo ndipo watu huachwa. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn, iliyokuwa ikitoka Cape Town kwenda Barcelona, walichelewa kwenye matembezi waliyojitafutia wenyewe kisiwani São Tomé. Meli iling'oa nanga. Walilazimika kuifuata kwa ndege na magari kupitia nchi kadhaa hadi wakaipata Dakar. Matembezi yaliyonunuliwa melini ni ghali zaidi, lakini meli huyasubiri. Aliyejitafutia gari lake mwenyewe ajipe angalau saa mbili kabla ya muda uliotangazwa, na aweke saa yake kwa wakati wa meli, ambao si lazima ulingane na wa bandarini.